Singida Yakamua Zaidi ya Mafuta

Katikati ya miaka ya 1980, mkulima wa mikoa ya kati ya Tanzania aliyekuwa na magunia mawili ya alizeti ndani ya nyumba alikuwa na mali asiyoweza kuitumia. Mafuta yalikuwemo kwenye punje, lakini kijijini hapakuwa na namna ya kuyatoa. Dukani nako hayakupatikana kirahisi. Ilikuwa enzi ya uhaba, na mafuta ya kupikia yalipangiwa foleni sawa na sukari na sabuni. Familia iliweza kulaza alizeti uvunguni mwa kitanda na bado ikala mlenda usio na tone la mafuta.

Wataalamu hawakuwa wamelala. Taasisi ya IPI, iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa imeshasanifu mtambo wa kukamulia vijijini. Kikwazo ni kwamba mtambo ule ulidai maandalizi mengi. Alizeti ilibidi ikobolewe maganda, ipepetwe, ipashwe moto, ndipo ibanwe, na kila hatua ilitaka chombo chake. Seti nzima ilikuwa ghali, na kuiendesha kulitaka kundi la watu.

Kati ya mwaka 1985 na 1986, fundi Mmarekani aitwaye Carl Bielenberg alikuwa akifanya kazi na mradi wa alizeti vijijini uliokuwa ukiendeshwa Arusha kwa msaada wa mashirika ya Marekani, likiwemo Lutheran World Relief. Bielenberg hakuhangaika kupunguza bei ya mtambo uliokuwepo. Aliondoa hatua zenyewe. Mashine aliyoibuni ilikuwa na mpini mrefu wa chuma unaopandishwa na kushushwa kwa mikono. Mpini ulisukuma pistoni nyembamba, pistoni ikasukuma mbegu ndani ya kizimba cha nondo zilizopangwa kwa kukaribiana, mafuta yakachuruzika kwenye mianya na mashudu yakatokea upande wa pili. Kwa kuwa pistoni ilikuwa ndogo, nguvu ya mkono wa mtu iligeuka mgandamizo mkubwa mno, kiasi kwamba punje iliweza kukamuliwa na ganda lake bila kukobolewa wala kupikwa.

Jambo lililoipa mashine hiyo maisha marefu ni kwamba fundi mwenye mashine ya kukereza chuma na ya kuchomelea aliweza kuitengeneza hapa hapa nchini. Ikiharibika, hapakuwa na haja ya kusubiri spea kutoka Ulaya. Matoleo ya mwanzo yalikuwa mazito na yalichosha mikono, ndipo yakaja madogo zaidi ambayo mtu mmoja, mwanamke au mwanaume, aliweza kuyaendesha. Yakasambaa mikoa ya kaskazini na kati, kisha yakavuka mipaka hadi nchi kama Zambia, Zimbabwe na Msumbiji.

Hata hivyo, mashine peke yake isingefika mbali. Alizeti nyingi iliyolimwa vijijini wakati huo ilikuwa na ganda gumu na mafuta kidogo. Mashine ya mkono ilihitaji mbegu yenye ganda laini, na mbegu hiyo ilikuwepo: Record, aina yenye asili ya Romania iliyokuwa imeshaletwa nchini. Kazi ya kusambaza mbegu ya Record ikawa muhimu sawa na kazi ya kuuza mashine. Hapo ndipo penye somo ambalo wafanyabiashara wengi wa leo hulipita bila kulitazama. Kifaa kilifanya kazi kwa sababu kuna mtu alihangaika na mbegu, mwingine na karakana, mwingine na bei ambayo kikundi cha kijiji kingeweza kuimudu. Kiungo kimoja kikikosekana, mashine ingeishia kuota kutu nyuma ya ofisi ya kata.

Ubunifu katika biashara unapotajwa siku hizi, wengi hufikiria simu, programu za kompyuta na vijana wa mjini wenye kompyuta mpakato. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, mzaliwa wa milki ya Austria, aliliona jambo hili kwa upana zaidi katika kitabu alichochapisha mwaka 1911. Kwake, mfanyabiashara mbunifu ni yule anayeleta bidhaa mpya, au njia mpya ya kuzalisha ile ya zamani, au soko jipya, au chanzo kipya cha malighafi, au mpangilio mpya wa kazi. Ukimchukua Schumpeter na kumpitisha Singida, mmoja wa mikoa hiyo ya kati, angekuta kazi ya kuandika.

Tena asingekuwa wa kwanza kushangazwa na alizeti. Mmea huu una asili ya Amerika ya Kaskazini, na kwa muda mrefu Ulaya ulipandwa kama ua la bustani. Mwaka 1829, katika kijiji cha Alekseyevka nchini Urusi, mtwana mmoja aliyeitwa Daniil Bokarev alikamua punje za alizeti kwa kifaa cha mkono alichokitengeneza mwenyewe na kupata mafuta ya kula. Miaka michache baadaye kijiji hicho kikawa na kiwanda, na Urusi ikageuka nchi ya alizeti. Mtu asiyekuwa hata na uhuru wa nafsi yake ndiye aliyefungua biashara ambayo leo inalisha mamilioni.

Singida ni mkoa wenye mvua chache zisizotabirika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 2,008,058, wengi wao wakiishi kwa kilimo na ufugaji katika wilaya za Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida yenyewe. Kwa miaka mingi jina la mkoa lilitajwa pamoja na njaa na ukame. Alizeti, inayovumilia jua na kuridhika na mvua kidogo, ikalikuta eneo lililokuwa likiingoja. Umeme ulipoanza kufika miji midogo na vijiji, hasa baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, mpini wa mkono ulipisha mota. Leo viwanda vidogo vya kukamua vimetapakaa mkoani, kuanzia Manispaa ya Singida hadi kwenye miji midogo ya wilayani.

Ingia katika kimojawapo mwezi wa Juni, mavuno yakiwa yamekolea. Magunia yamepangwa hadi karibu na paa, kila moja likiwa na jina la mwenyewe lililoandikwa kwa makapeni, maana mkulima anataka mafuta ya alizeti yake na si ya jirani. Mbegu humwagwa kwenye chekecheke kuondoa mawe na mabua, kisha huingia kwenye mashine yenye skrubu nene ya chuma inayozunguka na kuzibana kadiri zinavyosogea mbele. Mafuta hutoka ya moto, mazito, yenye rangi ya kahawia na povu juu. Mbele ya mashine mashudu huanguka vipande vipande vyembamba vilivyopinda, vya moto kiasi cha kuunguza kiganja. Mafuta hupitishwa kwenye vichujio vya vitambaa au huachwa kwenye mapipa yatuame, machicha yashuke chini, ndipo yamiminwe kwenye madumu ya njano ya lita 20. Harufu ya alizeti iliyopata moto hujaa mtaa mzima.

Gunia la mbegu nzuri huweza kukaribia kujaza dumu hilo. La mbegu duni iliyorudiwa kupandwa miaka nenda rudi hutoa pungufu sana.

Mtu akitazama tu dumu, haoni biashara yote. Mwenye mashine mjanja huanza hesabu zake kwenye mashudu. Mabaki hayo yana protini nyingi, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa pamoja na watengenezaji wa chakula cha kuku huyatafuta kwa udi na uvumba. Mengi huvushwa kwenda Kenya, ambako viwanda vya chakula cha mifugo vimeyategemea kwa miaka mingi. Ndiyo maana wapo wakamuaji wasiomdai mkulima hata senti. Mkulima huleta alizeti, huondoka na mafuta yake yote, na mashine hulipwa kwa mashudu. Kwa mkulima asiye na fedha mkononi siku ya mavuno, mpango huo ni mkombozi. Kwa mwenye mashine, ni uhakika wa malighafi na bidhaa inayouzika bila kutangazwa. Hakuna teknolojia mpya hapo. Kuna akili ya kupanga malipo upya ili pande zote mbili zipate nafuu, na huo ni ubunifu wa biashara kwa maana yake kamili.

Mashudu yanatupeleka kwa kuku. Dar es Salaam nzima inamjua kuku wa Singida. Kila wiki matenga yaliyosokotwa kwa fito hupakiwa juu ya mabasi na malori, yakasafiri takriban kilomita 700 hadi masoko ya jiji kama Shekilango. Biashara hii ilianza zamani kwa wachuuzi waliozunguka vijijini kwa baiskeli, wakinunua kuku wawili hapa, watatu pale. Simu imeibadilisha. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikafuata, mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kumtumia wakala wake wa Ikungi fedha asubuhi na jioni matenga yakawa njiani. Zamani mchuuzi alisafiri na noti kiunoni, na roho mkononi.

Lakini adui mkubwa wa biashara ya kuku hakuwa umbali. Alikuwa kideri. Ugonjwa huu ukiingia kijijini hufyeka banda zima kwa siku chache, na hakuna mtu atakayewekeza kwenye kuku mia ikiwa anajua upepo wa Septemba unaweza kumbakizia watano. Chanjo za kideri zilikuwepo, ila zilitaka jokofu mwanzo hadi mwisho na ziliuzwa katika vichupa vya dozi nyingi kwa ajili ya mashamba makubwa. Watafiti wa Australia wakatafuta kirusi dhaifu kinachovumilia joto, na ndicho kilichozaa chanjo ya I-2. Tanzania ilianza kuitengeneza yenyewe, Temeke, na kuiita TEMEVAC. Hudondoshwa tone moja kwenye jicho la kuku, na mtu wa kawaida aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kuifanya kazi hiyo.

Wilayani Manyoni, kata za Sanza na Majiri zilionyesha maana ya tone hilo. Kuanzia mwaka 2014, mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Australia na kushirikisha wataalamu wa Tanzania uliwafundisha wanakijiji waliochaguliwa na jamii zao kuchanja kuku kwa mzunguko, mara tatu kwa mwaka, huku mfugaji akilipa kiasi kidogo kwa kila kuku. Uzito wa jambo uko kwenye malipo hayo. Chanjo ya bure huisha mradi unapoondoka. Chanjo inayolipiwa, hata kwa fedha ndogo, humpa mchanjaji sababu ya kurudi mwezi wa Mei na wa Septemba, na humfanya mfugaji amuulize yuko wapi asipotokea. Kazi imegeuka biashara ndogo inayojiendesha, mikononi mwa mwanakijiji mwenyewe.

Wapo watakaosema huo ni msaada wa wazungu, si ubunifu wa Singida. Hoja hiyo haina mashiko. Kirusi kilipatikana maabara ya Australia, mashine ya mkono ilibuniwa na Mmarekani, mbegu ya Record ilitoka Romania, na bado kazi ngumu ya kuvifanya viingie katika maisha ya Majiri na Iramba ilifanywa na watu wa huko. Japani ilijenga viwanda vyake kwa kujifunza kutoka kwa wengine. Aibu ni kukipokea kitu cha mgeni na kukiacha kilivyo, bila kukiunganisha na mbegu, soko na mfuko wa watu wa eneo lako.

Sasa tufike mahali panapouma.

Msafiri wa basi kutoka Dodoma kwenda Mwanza hukutana na mafuta ya Singida kabla hajaiona Singida yenyewe. Yamepangwa kando ya barabara katika chupa za maji zilizotumika na madumu ya ukubwa mbalimbali, yaking'aa juani. Gari likisimama, wauzaji hulizunguka: "Karibu mafuta, mama! Alizeti safi, kaka!" Ni biashara inayosomesha watoto na kuezeka nyumba, na anayeidharau hajui inavyotafutwa shilingi. Ila jua lile lile linaloipamba bidhaa ndilo linaloiharibu. Mwanga na joto huyafanya mafuta ya alizeti yachache upesi kuliko mafuta mengi mengine, yakapata harufu na kupoteza virutubisho. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limekuwa likiwaonya wauzaji waache kuyaanika, na onyo hilo limeingia sikio moja likatokea jingine, kwa sababu muuzaji anajua kwamba asichokionyesha hakinunuliwi.

Ni kero ya kibiashara inayosubiri mbunifu. Kibanda cha kivuli chenye rafu inayoonekana toka barabarani, chupa mpya zenye rangi nzito, lebo inayotaja kijiji na tarehe ya kukamuliwa: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji profesa. Kinachohitajika ni wauzaji kumi kukubaliana, na halmashauri kuwapa eneo badala ya kuwafukuza.

Faida ya hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Takwimu zilizotolewa na Serikali miaka michache iliyopita zilionyesha kwamba Tanzania inahitaji takriban tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na kuzalisha kama tani 205,000 tu. Mengine huagizwa nje, hasa mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, kwa mamia ya mabilioni ya shilingi. Soko la kununua mafuta ya Singida lipo mlangoni, tena kubwa. Mama wa Kinondoni anayesukuma toroli kwenye duka kubwa angependa kununua alizeti ya nyumbani. Anachokikosa ni uhakika kwamba kilichomo ni alizeti tupu, haikuchanganywa, na kwamba chupa ya mwezi ujao itakuwa na ladha sawa na ya mwezi huu. Malalamiko ya mafuta kuchanganywa yamekuwepo siku nyingi, na mchanganyaji mmoja huwaharibia jina wakamuaji mia waaminifu.

Viwanda vikubwa vimeshalitatua tatizo hilo kwa njia yao. Mount Meru Millers ina kiwanda Singida kinachosafisha mafuta, kuyaondolea harufu na kuyafungasha kwa nembo moja inayotambulika hadi nje ya mkoa. Mkamuaji mdogo hawezi kushindana nacho kwa mitambo, wala si lazima. Mafuta yake yasiyosafishwa kwa kemikali, yenye rangi na harufu ya asili, yana wapenzi wake, na mijini wanaongezeka. Ashindane kwa hicho.

Mfano wa namna ya kufanya hivyo ulijaribiwa jirani tu, katika mikoa ya Manyara na Shinyanga, katikati ya muongo wa 2010. Mradi wa MASAVA uliwasaidia wakamuaji wadogo kuongeza vitamini A katika mafuta ya alizeti yasiyosafishwa. Kanuni za mwaka 2011 zilikuwa zimewataka wazalishaji wa viwandani kurutubisha mafuta yao, lakini wadogo hawakuwa na vifaa wala ujuzi. Mradi ukawafungulia njia, na ili mnunuzi wa kijijini azoee bidhaa yenye bei ya juu kidogo, ukatumia vocha za punguzo kupitia simu. Vitamini, kiwanda kidogo na simu ya kitochi vikakutana kwenye rafu ya duka la kijiji. Singida, yenye alizeti nyingi kuliko mikoa hiyo miwili, ina kila sababu ya kuiga.

Mfano mwingine uko mbali zaidi. Mwaka 1979, gavana wa mkoa wa Oita nchini Japani, Morihiko Hiramatsu, aliona vijiji vyake vikikimbiwa na vijana. Alivihimiza kila kimoja kichague bidhaa kinayoweza kuifanya vizuri kuliko wengine na kuipandisha hadhi hadi iuzike Tokyo na kwingineko. Uyoga mkavu wa shiitake na limau la kabosu, vitu vya kawaida kabisa kwa watu wa huko, vikawa sifa ya Oita nchi nzima. Serikali ya mkoa haikugawa fedha nyingi. Ilitoa mafunzo, ikasaidia kutafuta soko na ikasimamia ubora. Singida tayari ina majina ambayo Oita ilihangaika kuyajenga: kuku wa Singida, alizeti ya Singida, vitunguu vinavyouzwa soko la Misuna na kuwavuta wanunuzi hadi wa nchi jirani. Jina lipo, ila halijafungashwa.

Vitunguu vyenyewe vinafaa kuwa funzo la upande wa pili. Kwa miaka mingi mkulima ameumizwa na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ili mnunuzi apate mzigo wa ziada kwa bei ile ile. Wakala wa Vipimo umeipiga marufuku, na bado lumbesa huibuka kila msimu bidhaa inapokuwa nyingi. Kuna watu hujisifu kwamba huo nao ni ujanja wa biashara. Ujanja wa kumpunja mwenzako hauongezi hata kitunguu kimoja shambani. Unahamisha tu jasho la mmoja kwenda mfuko wa mwingine, na mwaka unaofuata mkulima hulima pungufu.

Mpangilio mpya wa kazi unaweza kuzaa mengi kuliko ujanja. Huko Masigati, wilayani Manyoni, halmashauri ilitenga eneo kubwa na kuwaalika wananchi na wawekezaji kutoka popote kumiliki vitalu vya korosho kando kwa kando, zao ambalo wengi waliamini ni la Mtwara na Lindi peke yake. Kulima pamoja kunarahisisha kupata wataalamu, dawa na barabara, na hata mtumishi wa Dodoma mwenye mshahara mdogo anaweza kuwa na ekari zake kadhaa. Manyoni hiyo hiyo ina hifadhi ya nyuki ya Aghondi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Nyuki na alizeti ni marafiki wa asili: nyuki hupata chavua na nekta, na vichwa vya alizeti vilivyotembelewa na nyuki hujaza punje vizuri zaidi. Mkulima anayeweka mizinga pembeni ya shamba huvuna mara mbili, na nta anayoitupa asiyejua ina soko lake. Ajabu ni kwamba mashamba mengi ya alizeti bado hayana hata mzinga mmoja.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kumtwisha mkulima na mkamuaji mzigo wote. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilipandisha ushuru wa forodha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, na watu wakapata moyo wa kulima. Ulinzi huo ulipolegezwa baadaye na mafuta ya nje yakaingia kwa wingi, bei ya alizeti iliporomoka msimu wa 2023, na wakulima waliokuwa wamepanua mashamba wakabaki na magunia. Mtu aliyekopa kununua mashine ya kuchujia hawezi kubuni lolote ikiwa hajui ushuru wa mwakani utakuwaje. Viwanda vingi hufanya kazi miezi michache tu baada ya mavuno kisha hufungwa kwa kukosa mbegu, na mashine iliyolala miezi saba hailipi mkopo. Mikopo yenyewe, ikiwemo ile ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Sera inayobadilika kila baada ya misimu miwili huua ubunifu kuliko ukame, na wanaoandika bajeti wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa upande wa ngazi ya chini, milango ipo na haijabishwa vya kutosha. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi ya mkoa Singida inayotoa mafunzo ya kusindika na kufungasha, na mjasiriamali mdogo akipitia huko husaidiwa kupata alama ya ubora ya TBS bila kubeba gharama zote mwanzoni. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, husajili jina la biashara na nembo kupitia mtandao, kwa hiyo kikundi cha wakamuaji wa Iguguno mkoani humo kinaweza kulinda jina lake bila kusafiri hadi Dar es Salaam. Maonesho ya Nanenane ya Kanda ya Kati hufanyika kila Agosti katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, na tangu mwaka 2019 mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yamekuwa yakiwapokea mafundi wa mitaani pamoja na wasomi wa vyuo. Fundi wa Singida aliyetengeneza chekecheke bora kuliko la kununua ana haki ya kusimama pale sawa na mwenye shahada.

Mavuno ya alizeti huanza mwezi wa Mei. Wakamuaji wanaotaka kuuza mafuta yenye lebo msimu huo waanze kuzungumza na SIDO na TBS miezi kadhaa kabla, kwa sababu ukaguzi wa jengo na upimaji wa sampuli huchukua muda. Halmashauri zinazopitiwa na barabara kuu zijenge vibanda vya kivuli kabla ya mwezi huo. Na wewe msafiri utakayesimama Singida, nunua mafuta kwa muuzaji aliyeyaweka kivulini, umuulize yamekamuliwa lini na wapi, na ukiridhika mwachie namba yako ya simu ili akuuzie tena.